Mkeka wa ajira umetoka na jina langu limo, naanza unesi Jumatatu na mikono inatetemeka kabla hata sijafika. Wenzangu mliwezaje?

Binti Vocha

Habari za jioni wakuu, manesi na wakunga wa humu naomba mnisaidie mwenzenu. Nina diploma ya uuguzi na ukunga, mtihani wa Baraza nilifaulu na leseni nimehuisha, ila baada ya chuo nilikaa mtaani muda mrefu sana nasubiri ajira, si unajua tena, nikawa nakaa kwenye kibanda cha vocha na miamala. Sasa mkeka wa TAMISEMI umetoka nimo, nimepangiwa kituo cha afya huko ndani ndani, kinazalisha, kina wodi ndogo ya watoto na ya wazazi, manesi wenyewe nasikia wanahesabika.

Furaha ilikuwa siku mbili tatu za mwanzo, mama kapiga vigelegele mtaa mzima umejua, baada ya hapo imebaki hofu tupu. Usiku nalala naota nimeitwa leba mtoto katoka hajalia na mimi nimesimama nimeshika taulo sijui nianzie wapi. Nachukua daftari za chuo nasoma, naelewa, nikifunga tu kimepotea chote. Kanula ya mshipani mara ya mwisho kuweka ilikuwa fildi na pale nilikuwa nasimamiwa. Na kuna dada mmoja anafanya kazi jirani na hicho kituo kaniambia wageni huwa hawachelewi kupangiwa naiti, tena naiti ya nesi mmoja na mhudumu.

Maswali yangu: wiki ya kwanza nifanye nini hasa, sio zile za jiamini dada, vitu vya kufanya kwa mikono. Pili je nimwambie inchaji (msimamizi wetu pale kituoni) kwamba nimeshika kutu au nikaushe, maana naogopa wataniona cheti nimenunua. Tatu hii mikono inayotetemeka mbele ya mgonjwa naificha vipi? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kaliua

Hongera kwa ajira dada. Utazoea tu, wote walianza hivyo hivyo. Wengine tunausoma mkeka kila ukitoka hatumo, we unalia na kazi unayo 😂

Jembe la Halmashauri

Inchaji USIMWAMBIE kitu. Nakwambia kama mdogo wangu. Kituo kidogo maneno yanatembea, leo umesema umesahau kanula kesho mpaka mlinzi anajua, na hilo jina halikutoki mpaka uhame. We fika, salimia watu vizuri, chunguza wenzio wanafanyaje, iga. Hiyo ndio serikali.

Mama Leba

Mdogo wangu hongera, na hao waliotangulia wasikukatishe tamaa, ila hilo la utazoea mimi huwa linanikera maana mtu anazoea hata kufanya vibaya. Nimezalisha vituo vya afya na hospitali ya wilaya miaka mingi na wageni nimewapokea wengi, wanaotetemeka na wasiotetemeka, na nikwambie ukweli wale wasiotetemeka kabisa ndio nilikuwa nawafuata nyuma nyuma.

La inchaji, Jembe nakupinga waziwazi. Akwambie. Kuna namna ya kusema lakini. Usiende kusema jamani mimi nimesahau kila kitu, hapo kweli utaonekana wa kuokota. Nenda siku ile ile ya kuripoti, ukishakabidhi barua na nakala ya leseni, mwambie, "Shikamoo mama, mimi nilimaliza chuo zamani kidogo na katikati sijashika wodi, naomba wiki hizi za mwanzo nipangwe mchana na mtu wa leba ili nirudishe mkono kabla ya naiti." Basi. Umeomba kitu kinachoeleweka na kina mwisho. Inchaji mwenye akili atafurahi maana likiharibika usiku anayeitwa wilayani kujieleza ni yeye. Na akikataa utakuwa umeshasema, na wenzio watajua ulisema.

Sasa la mikono. Kabla hujasalimia wagonjwa, kila zamu, nenda kaangalie vitu vya emagensi mwenyewe kwa macho yako. Usiulize "ambu ipo?" (ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa) ukajibiwa ipo. Ipo wapi? Ishike. Kituo kimoja nilikuta ambu nzuri kabisa, mpya, imefungiwa stoo na mwenye ufunguo yuko mnadani. Ukiishika iangalie hivi: ziba mdomo wa maski na kiganja chako, bonyeza mfuko, kile kivalvu kinatakiwa kifunguke utasikia hewa inatoka. Hakifunguki, au mfuko unabonyea tu kama puto lililotoboka, hiyo ni pambo. Maski angalia zipo mbili, namba 1 ya mtoto aliyetimia na namba 0 ya njiti. Kifyonzeo cha kumsafisha mtoto mdomo kipo? Taulo kavu zipo mbili? Mkasi na vibanio vya kitovu? Oxytocin ya kuzuia mama kutokwa damu ipo kwenye friji, na friji ina umeme au inatumika kuhifadhia maji ya kunywa? Magnesium ya kifafa cha mimba ipo, na calcium gluconate ya kuizimua ikizidi ipo pembeni yake? Mtungi wa oksijeni una kitu ndani au umebaki chuma?

Hiyo kazi haizidi robo saa na nakuhakikishia mapigo ya moyo yanashuka hapo hapo, sababu hofu nyingi ya mgeni ni ile ya kutojua kitu kiko wapi.

Hiyo ndoto yako ya mtoto hajalia tuimalize leo. Mtoto katoka, unamkausha kwa nguvu ya kiasi, mgongo, kichwa, unatupa taulo lililolowa unamfunika kavu. Hapo wengi wanalia. Hajalia? Kama ana uchafu mdomoni safisha, msugue mgongo mara mbili tatu. Bado? Kata kitovu, mpeleke penye ambu, kichwa kikae sawa kama ananusa, maski ifunike mdomo na pua isiguse macho, bonyeza huku ukiangalia KIFUA kinapanda au hakipandi. Pumzi kama 40 kwa dakika. Yote haya pumzi ya kwanza ya ambu iwe imeingia ndani ya dakika moja tangu azaliwe, ndio maana inaitwa dakika ya dhahabu. Kifua hakipandi, usiongeze nguvu, rekebisha kichwa na maski kwanza. Chukua mdoli wa mpira wa mdogo wako au hata taulo limekunjwa ufanye hapo kitandani kwako kwa sauti, mara nyingi, mpaka mama aulize una nini. Kwenye daftari haitakaa, inakaa mkononi.

Na mama usimsahau kwa sababu ya mtoto. Mtoto akishatoka papasa tumbo hakuna pacha, choma oxytocin uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika hiyo hiyo ya kwanza, kondo likitoka likague limekamilika, halafu mkono tumboni uhisi mfuko wa uzazi umekaza kama ngumi. Damu ikifika nusu lita umeshaingia kwenye hatari, usisubiri ifike lita ndio upige kelele. Nimechoka kuandika, ntarudi.

kaka_wa_pedi

Mama Leba kamaliza upande wake. Mimi nipo wodi ya watoto, niongelee dozi, maana dada kasema akifunga daftari kimepotea. Sikia dada, usijaribu kukariri. Hakuna mtu wa maana anayekariri dozi za watoto. Nunua kidaftari kidogo cha kuingia mfukoni, kile cha mia tano, andika dawa kumi tu zinazotumika kwenye kituo CHAKO. Siku ya kwanza zunguka kwenye kabati la dawa uone zipi zipo, ndio hizo. Nakupa mfano mmoja utakaokusumbua sana huko: artesunate ya sindano kwa malaria kali.

Mtoto wa chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kila kilo, kuanzia kilo 20 kwenda juu ni 2.4. Ile chupa ya miligramu 60 unaweka kwanza ile bikabonati yake mililita 1, tikisa mpaka iwe safi kama maji, ikibaki na ukungu usitumie, halafu unaongeza mililita 5 za normal saline kama ni ya mshipa. Sasa una mililita 6 zenye miligramu 60, maana yake kila mililita moja ina 10. Mtoto wa kilo 10, mara 3, miligramu 30, mililita 3. Imeisha. Kama ni ya msuli unaongeza mililita 2 badala ya 5, kwa hiyo kila mililita inakuwa na 20, mtoto yule yule anapata moja na nusu. Dozi ya kwanza, ya pili baada ya masaa 12, ya tatu masaa 24 tangu ile ya kwanza. Ukishachanganya itumie ndani ya saa moja, usihifadhi nusu chupa eti ya mgonjwa wa jioni.

Umeona? Hakuna uchawi, ni hesabu za darasa la tano, ila ukiwa na mama analia pembeni na mtoto ana degedege hesabu za darasa la tano zinapotea. Kwa hiyo iandike kidaftarini ukiwa umetulia, na mtoto PIMA KILO, usikadirie kwa macho, mizani mbovu mwambie inchaji siku ile ile.

Dripu nayo hivyo hivyo. Mpira wa kawaida matone 20 ni mililita moja, lakini soma pakiti yake maana ipo tofauti. Daktari kaandika nusu lita kwa saa nne: 500 mara 20 gawa kwa dakika 240, matone 42 kwa dakika. Tazama saa, hesabu matone 10 au 11 kwa robo dakika, umemaliza. Mtoto mdogo usimwekee chupa nzima bila kuiangalia, mimina zilizozidi au tumia bureti (kile kichupa cha kupimia dripu ya mtoto) kama ipo.

Kuna sheria moja ya wodi yangu, na nyie mkaianzishe: dawa ya mtoto, heparini, insulini, magnesium, potasiamu, inahesabiwa na watu wawili kabla ya kuchomwa. Hata kama wa pili ni tabibu anayekunywa chai. Unamwambia "niangalie hapa", anasoma kilo, anasoma dozi, anasoma sindano. Mtu mwenye miaka 20 kazini anafanya hivyo kwa hiyo hakuna atakayekucheka. Na potasiamu kloridi usiisukume moja kwa moja kwenye mshipa, hata akuagize nani, inaua palepale, inachanganywa kwenye dripu na kwenda taratibu.

Kanula: jaribu mara mbili, ukikosa mwite mwenzako. Usikomae na mkono wa mtoto mpaka uvimbe, hapo unapoteza na mshipa na mama. Kaa chini, usichome umesimama umeinama, mkono wako wa kushikia uegemee kitandani. Ukikaa na kuegemeza mkono kutetemeka kunapungua nusu, hilo ndio jibu la swali lako la tatu.

Jembe la Halmashauri

@Mama Leba heshima yako mama, shikamoo. Lakini unaongea ukiwa na inchaji mwenye akili. Wapo ambao ukimwambia umesahau anakupeleka kliniki ya chanjo mwaka mzima ukapime watoto uzito. Nayajua.

Mama Leba

Marahaba. Na chanjo ni kazi, tena atajua watoto wote wa kata. Lakini sawa, wapo wa hivyo, nimewaona. Akikutana na wa hivyo atafute yule nesi mkubwa wa pale ambaye sio inchaji ila wote wanamwita likiwazidi. Kila kituo kina mmoja, wakati mwingine ni mhudumu mzee asiye na cheti lakini anajua mama gani atajifungua kabla ya alfajiri kwa kumtazama anavyotembea. Umuamkie, umsaidie kukunja mashuka, umuulize. Usimdharau mhudumu hata siku moja, usiku ule ni wewe na yeye.

Mwanahawa wa Kilifi

Hodi hodi kutoka Kenya, naomba kuchangia. Dadangu huku kwetu ni vile vile, wengine wanamaliza KMTC, chuo chetu cha mafunzo ya afya, wanakaa nyumbani wakingoja kaunti itangaze kazi, na tangu afya ishushwe kwa kaunti 2013 kila kaunti na mambo yake, kuna walioajiriwa kwa kandarasi wanaogopa hata kuuliza swali wasije wakakosa kuongezewa. Kwa hiyo hofu yako naielewa sana.

Mimi niongeze jambo ambalo hawajaligusa, simu kwa daktari usiku. Wanaoanza wengi hawaogopi mgonjwa vile wanavyoogopa kumwamsha daktari. Mgonjwa anaharibika na nesi yuko kona anafikiria akipiga atafokewa. Piga. Lakini kabla ya kupiga pima kwanza, andika kwa karatasi, ndio upige. Ukipiga umesema "daktari njoo mgonjwa ni mbaya" atakuuliza maswali kumi na wewe utababaika na kweli atakufokea. Sema hivi: "Daktari ni nesi fulani, niko wodi ya wazazi. Nina mama wa mimba ya kwanza, wiki 38, presha 170 kwa 115, kichwa kinamuuma na anaona nyotanyota, mkojo una protini. Hajashikwa na degedege bado. Nimemuwekea kanula, naandaa magnesium, naomba uje umwone sasa." Wewe ni nani, mgonjwa ni nani, umepima nini, umefanya nini, wataka nini. Anayefoka baada ya hapo ni shida yake, na wewe uandike kwa faili saa uliyopiga na alichokujibu. Saa, usisahau saa.

Na kwa magnesium, chati ya dozi ibandikwe ukutani pale pale inapochanganywa, sio kwa ofisi ya inchaji. Ile ya kuanzia ni gramu 4 polepole kwa mshipa na gramu 5 kila tako, na kabla ya kila dozi inayofuata uangalie vitu vitatu: anapumua 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosa usichome, itisha daktari, na ile calcium gluconate iwe karibu. Mtetemo wa mkono huwa unaisha ukiwa na kitu cha kufuata kimoja baada ya kingine, wallahi.

La mwisho, kukabidhiana zamu. Usikubali kukabidhiwa mkiwa mmekaa mezani. Simameni kitanda kwa kitanda, uone dripu, uone kidonda, uone mama anatokwa damu kiasi gani, uulize dawa ya saa sita imepewa au imeandikwa tu. Mwenzio atanuna kwa sababu anataka kupanda boda aende zake. Wacha anune.

Binti Vocha

Jamani mpaka machozi. Nimeandika yote, na mdoli nimeshaupata wa mtoto wa dada, mama kauliza kweli 😂😂 nikamwambia ndio kazi. Mama Leba hayo maneno ya kumwambia inchaji nimeyanakili kama yalivyo.

Mbili za nyongeza. Moja, kama kweli wananipanga naiti peke yangu wiki ya kwanza nakataaje na mimi ni mgeni? Mbili nikijichoma sindano je, maana hilo nalo linanitisha kwa mikono hii.

Bibi Nyanya

Mimi sio nesi, nauza nyanya, nimepita tu nikakuta mada nzuri. Nimelaza wajukuu mara nyingi, naongea kwa niaba ya sisi tunaokaa kwenye benchi. Mwanangu kutetemeka kwako sisi wala hatukuoni. Tunachokiona ni nesi amekuja kamshika mtoto kamchoma kaondoka hajasema neno, hapo ndio roho zinapanda tunaanza kunong'ona. Yule anayesema, "Mama naitwa nesi fulani, namuwekea mtoto dawa ya malaria, atalia kidogo, mshike mkono huu" hata akikosa mshipa mara ya kwanza tunamwambia pole sista jaribu tena. Na ukiulizwa kitu hukijui sema naenda kuuliza narudi, halafu URUDI. Wengi hawarudi.

kaka_wa_pedi

Bibi Nyanya umeua 👏👏 tungekuweka uwe unafundisha chuoni.

Dada swali la sindano. Kwanza kinga: usirudishe kifuniko kwenye sindano, tembea na boksi la sindano mpaka kitandani, sio uchome halafu uvuke wodi nzima umeshika sindano wazi kama mkuki. Ukijichoma hata hivyo, acha kazi uliyokuwa unafanya mwachie mwingine, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue wala kunyonya, mwambie inchaji hapo hapo. Mgonjwa uliyemchoma na hiyo sindano apimwe VVU na wewe upimwe, dawa za kinga zianze mapema iwezekanavyo, mwisho wake ni saa 72 lakini usisubiri hizo 72, anza ndani ya masaa ya mwanzo, unameza siku 28 bila kuruka. Watu wanaficha kwa aibu, hakuna aibu hapo, kila mwenye kazi hii anajua. Na homa ya ini B chanja sasa hivi kabla hujaripoti kama hukuchanjwa chuoni, ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu mwezi wa sita, anza hata moja.

Sista Ofu

Mimi niongelee kitu cha chini kabisa ambacho wakubwa wanakiruka. KULA. Mgeni anaingia zamu saa moja na nusu hajanywa hata chai kwa sababu tumbo limejaa wasiwasi, saa tano mikono inatetemeka anadhani ni woga kumbe ni njaa. Kunywa uji, beba andazi mfukoni. Naiti ukiingia lala mchana wake, sio uzunguke kutafuta chumba cha kupanga. Ukihisi moyo unakimbia toka nje ya wodi dakika moja, nawa maji baridi mikono na uso, toa pumzi ndefu polepole kuliko uliyovuta, mara tano sita, rudi. Kunawa mikono hakuna atakayekushangaa, manesi tunanawa siku nzima.

Ila pia nikwambie, kama miezi inapita na bado hulali, unalia kabla ya kila zamu, au mgonjwa kafa mikononi mwako na picha haiondoki, huo sio ugeni tena. Ongea na mtu, daktari, mshauri nasaha, hata wa pale wilayani. Mwenzetu mmoja alinyamaza tukidhani anaringa, kumbe alikuwa hana usingizi muda wote ule, mwisho akaacha kazi.

Na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa mpaka mambo ya utumishi yakae sawa, nenda na akiba. Woga ukichanganyika na kodi ya nyumba ni balaa jingine.

Mama Leba

Nimerudi. Naiti peke yako wiki ya kwanza. Hukatai, unaomba kwa sababu, tena kwa maandishi mafupi au mbele ya mtu: "Naomba naiti za kwanza nipangwe na mwenzangu kwa sababu sijazalisha hapa bado." Ikishindikana kabisa watu hawapo, na mara nyingi kweli hawapo, basi unajipanga hivi.

Siku hiyo fika kituoni lisaa limoja kabla ya zamu. Zunguka na nesi anayetoka, kila mama aliye leba umpime wewe mwenyewe, patografu (ile chati ya kufuatilia uchungu) isome, kama hakuna iliyojazwa anza kujaza. Mapigo ya mtoto tumboni kati ya 110 na 160, nje ya hapo usikae nayo. Namba za simu andika kwenye karatasi bandika ukutani, sio kwenye simu yako inayoisha chaji: daktari wa zamu, inchaji, nesi anayekaa karibu zaidi na kituo, dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maabara kwa ajili ya damu. Na ile ya m-mama, 115, haina malipo, ni kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga anayehitaji kusafirishwa haraka, usiku wowote. Mpigie nesi anayekaa karibu mapema jioni, "dada leo niko peke yangu, nikikuita usinichukie." Nani atakataa?

Halafu rufaa toa mapema. Wageni wanachelewesha rufaa kwa sababu wanadhani kumpeleka mama hospitali ni kukubali wameshindwa. Saa nne usiku gari lina mafuta na dereva yuko macho. Saa tisa hata dereva humpati. Mama ambaye unajiuliza nimpeleke au nisimpeleke, huyo mpeleke, mwekee kanula, jaza fomu, mhudumu au nesi aende naye.

Mhudumu wako mpe kazi ya kueleweka. Sio "nisaidie!" Mwambie jina lake, "Mama Asha, shika tochi hapa. Mama Asha, piga namba ya pili kwenye ile karatasi." Ukimpa kitu kimoja anakifanya vizuri sana.

Jembe la Halmashauri

Haya mama nimesalimu amri. Ila ongeza na vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za wagonjwa, asubuhi ndio vinavyomtoa mtu jasho kuliko leba. Jaza kila mama anapomaliza, usisubiri alfajiri uanze kukumbuka uzito wa watoto wanne.

Binti Vocha

Asanteni sana wote, na Bibi Nyanya nakushukuru mno. La mwisho kabisa la kijinga, ninunue nini cha kubeba? Gauni na viatu ninavyo.

kaka_wa_pedi

Viatu viwe vya kufunika vidole na visipige kelele usiku. Kidaftari. Mkasi uwe na alama yako. Tochi ndogo maana umeme huko unakatika mtoto kichwa kiko nusu. Saa yenye mshale wa sekunde, ile ya kubana kifuani, sio simu, simu unaishika na glavu halafu unaiweka sikioni. Na kalamu beba tatu, mbili watazikopa asubuhi hiyo hiyo na hutaziona tena.

Mwanahawa wa Kilifi

Tatu ni kidogo 😂 beba pakiti.